Mto Tana ni Chuo, Wanafunzi Wako Wapi?

Kila Mkenya asimamapo kuimba Wimbo wa Taifa, ajue asijue, huimba mahadhi ya mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Mwaka 1963 kamati ndogo ya wanamuziki iliyoongozwa na Graham Hyslop, akiwamo Thomas Kalume, mwana wa Pwani, iliyachukua mahadhi hayo ya Mto Tana ikayatilia maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Lakini mwulize kijana wa chuo kikuu: hao Wapokomo ni kina nani, na jirani zao ni nani? Wengi watakodoa macho. Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa.

Hapa ndipo nitakapo kumshika mkono msomaji aliye chuoni, au mwenye mwana huko. Asomeaye ualimu huchagua masomo mawili ya kufundisha, na wengi huoanisha Kiswahili na Historia. Ni jambo jema, ila aghalabu masomo hayo hukaa katika vyumba viwili visivyo na mlango kati. Ninalolitetea leo ni somo la pili lenye mambo matatu ndani yake: historia ya mahali, mila za watu wake na lugha yao, yasomwe pamoja. Na mtu akitaka mahali pa kuanzia, na ateremke Garsen.

Garsen si mji mkubwa. Ni pale njia itokayo Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile ishukayo kutoka Hola. Lakini masikio hayalali hapo. Utasikia Kipokomo cha wakulima wa kingo za mto, Kiorma cha wafugaji, ambacho ni tawi la Kioromo cha Uhabeshi, Kisomali, na Kiswahili kiwaunganishacho wote. Juu zaidi mtoni wako Wailwana, ambao wengine huwaita Wamalakote. Wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walionyesha katika kitabu chao cha 1993 kuwa Kiswahili, Kipokomo, Kiilwana, lugha za Wamijikenda na Kingazija ni ndugu wa ukoo mmoja uitwao Sabaki. Basi Mswahili asomaye Kipokomo hasomi lugha ya mgeni, bali ya binamu yake.

Chukua methali tuijuayo sote: Mgala muue na haki yake mpe. Aliyesoma lugha peke yake atakwambia maana yake, kuwa hata adui usimdhulumu. Aliyesoma historia ataongeza kuwa "Mgala" ndilo jina walilopewa Waorma na jamaa zao, waliokuwa na nguvu katika bara ya pwani yetu hadi vita na Wasomali vilipowavunja katika miaka ya 1860. Ndiyo sababu adui wa methali akawa yeye. Na aliyeketi na wenyewe atajua kuwa jina hilo huwachoma, na kwamba wao hujiita Waorma. Ajuaye moja tu kati ya hayo matatu aweza kumtusi mwenziwe akidhani anampa hekima.

Neno jingine ni malka. Kwa Kiorma ni mahali pa kuteremkia mtoni ili mifugo inywe. Njia za malka hupita baina ya mashamba ya Wapokomo, na kiangazi kikishika, makundi ya ng'ombe huja kutoka mbali. Mkulima huona shamba, mfugaji huona njia. Kila upande una baraza lake la wazee: Gasa kwa Wapokomo, Matadeda kwa Waorma. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, wanawake na watoto wakiwamo. Sisemi kuwa elimu ya neno moja ingaliizuia damu ile. Mlikuwamo siasa, ardhi na silaha. Lakini afisa anayetumwa kusuluhisha, naye hajui malka ni nini wala wazee gani wa kuwaita, ataanzia wapi?

Vya kusoma havikosi. Karibu na Kipini, mto unapomwagikia baharini, yako magofu ya mji wa Ungwana, ambayo James Kirkman aliyachimbua na kuyaandikia kitabu mwaka 1966. Mwaka 1989 Mkenya mwenzetu George Abungu alipata shahada yake ya udaktari huko Cambridge kwa utafiti juu ya jamii za mto huu. Kabla yao, mwaka 1895, mmisionari Ferdinand Würtz alichapisha kamusi ya Kipokomo na Kitikuu, lakini kwa Kijerumani.

Na vingine vilitoka visirudi. Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Wenyewe wameiomba. Kudai kitu cha namna hiyo kwataka mtu awezaye kueleza kilikuwa cha nani, kilitumika lini, na kwa maneno gani.

Mzazi ataniuliza: somo hili litamlisha mwanangu? Nami namjibu kuwa ni la nyongeza, halimwondolei lake kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za wananchi, na mitaala yetu inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali pao. Nani atawafundisha? Mahakama zinataka wakalimani, redio zinataka watangazaji, na muuguzi au bwana shamba hafai kitu kwa mgonjwa au mkulima asiyeelewana naye.

Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, safari ya saa chache kwa basi hadi Garsen. Mwanafunzi na aende kwa adabu, apige hodi kwa Gasa na kwa Matadeda vilevile, aandike asikiayo kwa lugha ya msemaji na kwa Kiswahili. Akimaliza, nakala moja aipeleke chuoni, na moja aiache Garsen kwa wenyewe. Vya mto huu vimechukuliwa vya kutosha.