Risasi Nyembamba Iliyoushinda Upepo

Tuweke risasi mbili mezani. Ya kwanza ni .308 Winchester, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1952 na kutamba kwenye viwanja vya shabaha kwa miongo kadhaa. Ya pili ni 6.5 Creedmoor, iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Hornady ya jimbo la Nebraska. Kichwa cha .308 kilichozoeleka mashindanoni kina gramu 10.9, cha 6.5 kina gramu 9.1. Zote hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 na ushei kwa sekunde. Lakini zikifika mita 900, ile nyepesi ndiyo yenye kasi zaidi, na ndiyo ambayo upepo umeipeleka kando kwa umbali mdogo zaidi.

Siri yake ni umbo. Kipenyo cha kichwa cha .308 ni milimita 7.8, cha 6.5 ni milimita 6.7. Ukipiga hesabu, uzito umepungua kwa asilimia 17, ilhali uso unaopasua hewa umepungua kwa asilimia 26. Ongeza ncha ndefu iliyochongoka, na kichwa kinakwenda kama ngalawa nyembamba majini: hewa haipati pa kukikamata.

Faida hiyo huonekana zaidi upepo unapovuma. Wengi hudhani upepo huisukuma risasi kando kwa muda wote iwapo angani. Sivyo. Kinachohesabika ni muda ambao hewa imeichelewesha, yaani tofauti kati ya muda iliotumia kufika na muda ambao ingetumia kama pasingekuwa na hewa kabisa. Upepo wa pembeni ukiwa mita 4 kwa sekunde, na ucheleweshaji ukiwa nusu sekunde, risasi itaangukia mita 2 kando ya shabaha. Ukipunguza ucheleweshaji, umepunguza kosa. Ndiyo maana mlenga shabaha anayeshindwa kuusoma upepo vizuri husamehewa zaidi na kichwa chembamba kuliko kinene.

Dave Emary wa Hornady na mlenga shabaha stadi Dennis DeMille waliisuka risasi hii wakijua hayo. Ganda la .308 lina urefu wa milimita 51. La kwao ni fupi zaidi, milimita 49 hivi. Urefu wa risasi nzima ulibaki karibu uleule, milimita 72, kwa hiyo inaingia kwenye magazini ya bunduki za kimo kilekile. Nafasi iliyopatikana ilikiwezesha kichwa kirefu kukaa bila kudidimia ndani ya baruti. Na kwa kuwa kichwa kirefu huyumba kisipozungushwa kwa kasi, mifereji ya mtutu wake hukamilisha mzunguko mmoja kila sentimita 20, wakati mitutu mingi ya .308 huhitaji sentimita 25 hadi 30. Isitoshe, bunduki hurudi begani kwa upole zaidi.

Wawindaji wa Marekani waliipokea kwa mikono miwili, na mwaka 2018 ikajulikana kwamba vikosi maalumu vya nchi hiyo vimeichagua kwa walengaji wao. Kwenye mashindano, washindani wengi wamehamia kwenye vipenyo vya milimita 6, vyenye msukumo mdogo zaidi begani, ingawa mitutu yake huchakaa mapema. .308 nayo haijazikwa: inapatikana kila mahali, na mtutu wake hudumu.

Kwa Afrika Mashariki, hoja ya kichwa chembamba si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe Karamoja, Uganda, aliua mamia ya tembo kwa risasi ya milimita 7. Vichwa vyake virefu vyenye gamba gumu vilipenya fuvu bila kupinda. Lakini Bell alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Bila ujuzi huo, risasi ile ingejeruhi tu. Ndiyo maana leo Tanzania humtaka mwindaji wa tembo au nyati abebe bunduki ya kipenyo kisichopungua inchi .375.

Hapo ndipo mtindo huu mpya wa vichwa vyembamba unaponitia wasiwasi. Risasi inayofika mbali humshawishi mwindaji apige mbali. Katika mita 500, hata 6.5 Creedmoor hukaa angani zaidi ya nusu sekunde. Mnyama akipiga hatua moja tu wakati huo, risasi iliyolenga moyo itaingia tumboni, naye atakimbia na kufa kwa mateso baada ya saa nyingi. Hakuna umbo la kichwa linaloweza kuzuia hatua hiyo. Mlenga shabaha akikosa, hupoteza pointi. Mwindaji anayeimiliki risasi bora na aitumie kupiga kwa uhakika zaidi katika umbali uleule wa zamani. Akiona mnyama yuko mbali, amnyemelee au amwache aende.