Uvimbe kwenye neva za masikio: Dawa ya serumu inayoweza kuchelewesha uziwi

BUTEMBO – Kijana anaanza kusikia mvumo katika sikio moja. Baada ya miezi au miaka, la pili linafuata. Usiku anayumba kama mlevi. Butembo au Beni, jirani watataja kwanza kinini, kwani aliyewahi kuitumia anajua masikio yanavyolia. Wengine watanong'ona kuhusu ulozi, hasa kama mjomba wake pia alikuwa kiziwi. Lakini mvumo wa kinini kwa kawaida unapungua dawa ikiisha. Huu hauishi.

Sababu moja, ingawa ni ya nadra, ni ugonjwa wa kurithi unaoitwa NF2. Jeni moja kwenye kromosomu ya 22, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisiongezeke ovyo, inaharibika. Uvimbe unaota kwenye neva za kusikia, kulia na kushoto. Si kansa, lakini unabana neva, na ukikua sana unabana ubongo. Duniani unampata karibu mtu 1 kati ya 25,000 hadi 33,000 wanaozaliwa. Mzazi mwenye ugonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuupitisha kwa kila mtoto. Hata hivyo, karibu nusu ya wagonjwa hawana mzazi mgonjwa, kwa hiyo hakuna haja ya kumnyooshea mama kidole.

Kwa muda mrefu waganga walikuwa na upasuaji na miale tu, na vyote viwili vinaweza kuondoa hata usikivu uliobaki. Mwaka 2009, watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya bevacizumab, dawa ya kansa, kwa wagonjwa 10 wa NF2. Uvimbe ulipungua kwa 9. Kati ya 7 walioweza kupimwa usikivu, 4 walisikia vizuri zaidi.

Dawa hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa katika laboratware. Inazuia ishara ambayo uvimbe hutumia kuita mishipa mipya ya damu. Beni na Butembo si wageni wa dawa za namna hii: tangu Novemba 2018, wakati wa Ebola, wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipewa kingamwili kwa serumu katika jaribio lililoonyesha, Agosti 2019, kwamba mbili kati yake zinaokoa maisha. Mojawapo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Tofauti ni kwamba Ebola ilihitaji serumu moja. Bevacizumab inarudiwa kila wiki 2 au 3, kwa miezi, hata miaka, na ikisimamishwa uvimbe unaweza kukua tena. Inapandisha presha, inaweza kuumiza figo na kuchelewesha vidonda kupona, na mama mjamzito hapaswi kuipewa. Si dawa ya kununua kwenye farmasi ya mtaani. Hapo ndipo ugumu wa kweli ulipo: nani atalipa serumu ya ishirini, kama ya kwanza tu imeuzisha ng'ombe?

Kuna pia vidonge. Mwaka 2024, jaribio la brigatinib, dawa ya kansa ya mapafu, kwa wagonjwa 40 lilionyesha usikivu ukiongezeka katika karibu theluthi ya masikio yaliyoweza kupimwa.

Uvimbe huu unaonekana vizuri kwa IRM. Kwa aliye Beni, Kampala kupitia Kasindi ni karibu kuliko Kinshasa. Kabla ya safari hiyo, munganga wa masikio anaweza kupima usikivu na kuuliza maswali mawili: nani mwingine katika ukoo amepoteza usikivu akiwa kijana, na je, kuna aliyepata mtoto wa jicho mapema? Jibu likiwa ndiyo, wadogo zake nao wapimwe wakiwa bado wanasikia.