KITI CHA MENEJA NI CHA NANI?



Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mishahara na saa za kazi. Swali moja twalisahau: nani anakaa katika kiti cha meneja, naye alifikaje pale?

Mwezi wa Aprili 1928, huko Rejaf, kando ya mto Nile karibu na Juba, serikali ya kikoloni na wamisheni walifanya mkutano wa lugha. Walichagua lugha za kufundishia watoto wa Sudan ya Kusini, kama vile Kibari, Kizande, Kidinka na Kinuer. Kiingereza kikawa cha madarasa ya juu. Watoto wa Kaskazini walisoma Kiarabu, na shule zao zilikuwa nyingi zaidi.

Matokeo yalionekana baada ya miaka 26. Mwaka 1954 Waingereza walipojitayarisha kuondoka, vyeo karibu 800 vya serikali viligawiwa wenyeji. Watu wa Kusini walipata 6 tu. Hoja iliyotolewa ilikuwa elimu na uzoefu. Lakini mtu asiyejengewa shule atapata wapi cheti? Na asiyepandishwa cheo atapata wapi uzoefu?

Kiwandani mambo yalikuwa hayo hayo. Katika kiwanda cha pamba cha Nzara, mameneja Waingereza walifuatwa na mameneja wa Kaskazini. Mwaka 1955 wafanyakazi wa Kusini karibu 300 waliachishwa kazi. Tarehe 26 Julai watu waliandamana, risasi zikapigwa, wengine wakafa. Tarehe 18 Agosti askari wa Torit wakaasi.

Sudan Kusini ni nchi huru tangu 2011. Sheria yake ya Kazi ya mwaka 2017 inakataza ubaguzi wa kabila, rangi na jinsia kazini. Mkataba wa amani wa 2018 unawapa wanawake asilimia 35 ya nafasi serikalini. Hizo ni hatua njema, lakini asilimia hiyo ni ya serikali, haimlazimishi mwenye kampuni.

Hapo ndipo kazi ya chama inapoanza. Tudai nafasi zote za kazi zitangazwe ubaoni, katika lugha tunayoielewa. Tudai mafunzo kwa wote, ili mama anayechuma chai naye aweze kuwa mnyapara, na kesho meneja. Ndugu, cheo hakianzi siku ya kugawiwa, huanzia darasani.