Hudhurio la Kwanza la Mjamzito Kliniki

Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, hudhurio la kwanza la mjamzito huchukua muda mrefu kuliko yanayofuata, kwa kuwa siku hiyo ndipo anapofunguliwa kadi, na vipimo vyake vyote hadi kujifungua vitalinganishwa na vile vilivyoandikwa humo mwanzoni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza mahudhurio yasiyopungua manane, la kwanza likiwa kabla ya mimba kutimiza wiki 12. Hata hivyo, wapo wanaosubiri hadi tumbo lionekane, kwa desturi ya kutotangaza mimba changa. Desturi hiyo inaeleweka, lakini kumweleza muuguzi si kutangaza, na hasara ya kuchelewa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Hasara hiyo huonekana wazi katika shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Katika miezi ya kati ya mimba mishipa hulegea na shinikizo hushuka, hivyo mwanamke aliyekuwa na shinikizo la juu tangu kabla ya kushika mimba anaweza kufika kliniki mwezi wa tano akaonekana mzima kabisa. Linapopanda tena na kufikia 140/90, mhudumu hukosa kipimo cha mwanzo cha kumwezesha kutambua kama huo ni ugonjwa wa siku nyingi au ni dalili ya hali inayotangulia kifafa cha mimba, ambacho huleta degedege na huweza kumuua mama na mtoto.

Kabla ya vipimo huja maswali, na la tarehe ya hedhi ya mwisho ndilo lenye uzito, kwani siku ya kwanza ya hedhi hiyo huongezwa siku 7 na miezi 9 ili kupata tarehe ya matarajio: iliyoanza 10 Januari huelekeza karibu na 17 Oktoba. Mimba zilizoharibika na upasuaji wa uzazi uliopita havifai kufichwa, kwa maana ndivyo vinavyoamua kama atajifungulia kituoni hapo au hospitali kubwa zaidi.

Hupimwa pia uzito, urefu na mkojo, kisha damu, ili kujua wingi wake na kundi lake, na kutafuta malaria, kaswende na Virusi vya Ukimwi. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na mama mwenye virusi huanzishiwa dawa za kufubaza mapema ili kumkinga mtoto. Mwenza hushauriwa kufuatana naye wapimwe pamoja, lakini mwanamke aliyekuja peke yake hastahili kurudishwa. Kumwagiza kwanza alete barua ya serikali ya mtaa ya kueleza kwa nini mwenza hakuja ni kumpotezea wiki ambazo hazirudi.

Kwa kawaida huondoka na vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kuongeza damu, chandarua chenye dawa, na chanjo ya pepopunda ikiwa hajakamilisha dozi. Dawa ya SP ya kuzuia malaria haitolewi kabla ya wiki ya 13, hivyo aliyewahi kufika huandikiwa kwenye kadi tarehe ya kurudi kuinywa, mbele ya mhudumu.