Kiangazi Ambacho Mwalimu wa Historia Hurudi Darasani

Nchini Marekani shule nyingi hufungwa mwezi Juni na kufunguliwa Agosti au Septemba, na katika kipindi hicho cha kiangazi, ambacho kwa wanafunzi ni likizo, walimu wengi wa historia huwa na jambo walilolisubiri kwa miezi kadhaa, nalo ni kongamano la mafunzo kazini, yaani mkutano wa siku chache ambamo walimu walio kazini huongeza ujuzi wa somo lao na wa mbinu za kulifundisha.

Utaratibu huu una mizizi. National Endowment for the Humanities, taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, kwa miaka mingi imegharimia semina ambazo baadhi yake zilifanyika katika maeneo yenyewe ya kihistoria, ilhali Gilder Lehrman Institute, iliyoanzishwa New York mwaka 1994, huwakutanisha walimu na wanahistoria wa vyuo vikuu.

Kinachovutia zaidi katika mafunzo hayo ni kazi ya kusoma vyanzo vya msingi, yaani maandishi na vitu vilivyoachwa na watu walioliishi tukio lenyewe. Mwaka 1991 mtafiti Sam Wineburg alichapisha utafiti uliowalinganisha wanahistoria na wanafunzi wa sekondari waliopewa hati zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya tarehe 19 Aprili 1775, yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani. Wanahistoria walitanguliza kumtazama mwandishi na tarehe ya hati, kisha wakazipambanisha hati hizo. Wanafunzi, kwa upande wao, walielekea kusoma kuanzia juu hadi chini na kukiamini zaidi kitabu cha kiada.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi pale karatasi mbili zinapowekwa juu ya meza moja. Katika taarifa ya kiapo aliyoitoa siku sita baada ya mapigano, John Parker, nahodha wa wanamgambo, alieleza kwamba aliwaamuru watu wake watawanyike wasifyatue risasi, lakini askari wa Uingereza wakawavamia na kuwaua wanane. Katika shajara yake, ofisa wa Kiingereza John Barker aliandika kwamba wanamgambo ndio waliotangulia kufyatua. Mmoja alikuwa akijenga hoja ya upande wake mbele ya umma, mwingine akijiandikia mwenyewe, na wote wawili walikuwa na upande.

Katika muhula wa masomo, mwalimu aliyebanwa na vipindi, usahihishaji na mitihani hupata nafasi ndogo mno ya kuketi na karatasi kama hizo na kubishana na wenzake juu ya neno moja, na ndiyo sababu kiangazi hungojwa kwa shauku. Kongamano humrudishia hali ya mwanafunzi, na mwalimu aliyewahi kutatizwa na ushahidi ndiye anayeweza kumvumilia mwanafunzi anayetatizwa nao. Swali la nani alifyatua risasi ya kwanza pale Lexington halijapata jibu la hakika hadi leo. Hata hivyo, darasa litakalofunguliwa Septemba kwa karatasi hizo mbili litajifunza kuuliza nani ameandika, lini na kwa nini, kabla halijaamua la kuamini.