Anayechuma yuko Bomet, anayeonja yuko Mombasa

Ukipita Barabara ya Nyerere hapa Mombasa siku ya mnada wa chai, usitarajie kusikia nyundo wala kelele za madalali. Tangu mwaka 2020, corona ilipotufungia milango, mnada ulihamia kwenye kompyuta. Kabla ya hapo wanunuzi walikuwa wakikaa ukumbini na kupandishiana bei kwa mdomo. Lakini kuna kazi moja ambayo kompyuta haijaiweza mpaka leo, nayo ni kuonja. Chai inayouzwa hapo, iwe imetoka Kericho, Rwanda au Malawi, hupita kwanza kinywani mwa mtu.

Mimi nimezaliwa na kukulia mji huu, na kwa miaka mingi nimeijua chai kama tunavyoijua sote: mkandaa wa asubuhi na mahamri, na ya maziwa yenye iliki baada ya Alasiri. Sikujua kwamba kuna majirani zangu ambao kazi yao ni kunywa, au niseme kuonja na kutema, mamia ya vikombe kwa siku. Wabelgiji wana watu wao wanaoonja bia na kuipa alama, Wafaransa wana wao wa mvinyo. Hayo tuwaachie wenyewe. Sisi tuna chai, na ufundi wake ni ule ule wa pua, ulimi na kumbukumbu.

Kilichonisukuma kuandika ni safari ya Bomet. Rafiki niliyesoma naye diploma alinialika kwao, upande wa Konoin, ambako vilima vyote ni kijani kimoja mpaka macho yanachoka. Mamake ana ekari moja na nusu ya majani chai. Tulipomaliza "Chamgei" na "Mising", nikakaribishwa kikombe, na kabla sijakitua mezani akaniuliza: "Kijana yangu, wewe unatoka Mombasa. Hao watu wa huko wanaonja nini kwenye chai yetu hata bonasi yetu inakuwa ndogo kuliko ya Murang'a?"

Nilikosa jibu, nami ndiye mtu wa Mombasa. Nimerudi nyumbani nikauliza wanaojua, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuondoe kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Zile herufi za kwenye magunia, BP1, PF1, PD na D1, watu wengi hudhani ni daraja za ubora. Sizo. Ni ukubwa wa chembe. Chai ikishakaushwa hupitishwa kwenye machungio yanayotikisika. Chembe kubwa ni BP1, zinazofuata ni PF1, kisha PD, na zile laini kama vumbi ni D1. Zote zimetoka kwenye jani moja, siku moja, kiwanda kimoja. PF1 ya kiwanda hiki yaweza kuwa tamu na ya jirani yake ikawa haifai. Chungio halijui ladha, na ndiyo sababu akahitajika mwonjaji.

Chumba chake ni cha kawaida. Meza ndefu karibu na dirisha, vyungu vidogo vyeupe vya kauri vyenye vifuniko, vibakuli vyeupe, na mizani ndogo kama ya sonara. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina kanuni yake ya kazi hii, namba 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka hivi punde, na kusubiri dakika 6. Wafanyabiashara wana vipimo vyao vinavyotofautiana kidogo, lakini msingi ni mmoja: kila chai itendewe sawasawa, ili ikishinda ishinde kwa haki.

Dakika zikitimia chai humiminwa kwenye kibakuli, na majani yaliyolowa hupinduliwa juu ya kifuniko. Mwonjaji huanza kwa macho. Majani yakiwa na rangi ya shaba mpya inayong'aa, dalili njema. Yakiwa ya kijani kibichi au meusi yaliyofifia, ameshajua kuna jambo kiwandani. Kisha hunusa. Kisha huchota kijiko na kuivuta kinywani kwa kishindo, sruuup, ambacho ungekifanya mbele ya nyanyako ungepigwa kofi. Kule kuvuta kwa nguvu huitawanya chai kinywa kizima na kupandisha harufu puani kwa ndani. Akishaisikia, hutema na kuhamia kibakuli cha pili. Mstari wa chai hamsini huumaliza upesi kuliko mimi ninavyomaliza sahani ya viazi vya karai. (Ramadhani je? Wanavyuoni wameshazungumza juu ya ulimi wa mpishi aliyefunga. Wa mwonjaji chai nawaachia masheikh.)

Anatafuta nini? La kwanza ni uchangamfu, ile hali ya chai kukushtua ulimi ikawa hai kinywani. La pili ni uzito, ile nguvu inayokufanya uhisi umekunywa kitu na si maji ya rangi. La tatu ni mng'ao wa rangi. Halafu kuna ukakasi, ule unaokausha ulimi na mashavu. Sisi wa pwani tunaujua ukakasi tangu zamani. Mkandaa wenyewe tumeuita kwa jina la mti wa mikoko ambao gamba lake hutumika kutengenezea ngozi na kutia rangi. Ukakasi kidogo wenye uchangamfu ni sifa. Ukakasi mkavu usio na chochote nyuma yake ni kasoro.

Na kasoro ni nyingi kuliko sifa. Kuna chai yenye moshi, kwa sababu kikaushio kimevuja na viwanda vingi huwasha kuni. Kuna iliyochemkia ndani, yaani ilikaushwa polepole mno. Kuna iliyopoa tu, haina kosa la kutaja wala jema la kusifu. Baadhi ya waonjaji hutia maziwa kidogo kwenye kibakuli kisha wakaangalia: chai njema hugeuka rangi ya dhahabu iliyokolea, mbovu hugeuka kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

Haya yote yanatoka wapi? Yanatoka shambani, na katika ile siku moja inayofuata kuchumwa. Jani chai likichumwa vizuri ni majani mawili na chipukizi. Huko ndiko kuliko na utomvu mwingi wa kuleta ladha. Jani la tatu na la nne limeshakomaa, lina nyuzi, lina uzito kwenye mizani lakini kikombeni halina kitu. Yakifika kiwandani majani hunyaushwa kwa saa kama 12 hadi 18, kisha hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno ambayo huyaponda, kuyachana na kuyakunja. Mtindo huo, CTC, ulibuniwa Assam kule India miaka ya 1930, na ndio unaotengeneza karibu chai yote ya Kenya.

Hapo ndipo hewa inapofanya kazi yake. Kata biringani uiache kidogo, utaona inavyogeuka rangi. Jani lililopondwa hufanya vivyo hivyo. Viwandani wanaita kuchachusha, lakini hakuna hamira wala kileo hapo, ni hewa tu inayokutana na utomvu wa jani. Kwanza huundika theaflavini, zinazoleta mng'ao na ule uchangamfu wa ulimi. Ukizidisha muda zinageuka thearubigini, zinazoleta rangi nzito na uzito wa kinywa. Mtengenezaji mzuri hukatiza mahali zote mbili zinapokaa pamoja, na dirisha lake ni dogo, yapata saa moja na kitu. Dakika zikipita chai imekwisha changamka, na hakuna atakayeirudisha.

Sasa fikiria mvua za Konoin. Kericho na Bomet ni nchi ya mvua karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe ya huko inajulikana mbali. Barabara za vijijini zinageuka ute. Lori la kiwanda linakwama, na majani yamejazwa magunia yakashindiliwa. Ndani ya gunia yanapata joto, yanachubuka, na ule mgeuko uliopaswa kuanzia kiwandani unaanzia njiani bila msimamizi. Mvua hizo hizo hulifanya jani likue haraka likawa jembamba wa ladha. Wakati wa baridi au kiangazi chepesi hukua polepole na kukolea. Kwa hiyo msimu ambao mkulima anachuma kilo nyingi zaidi mara nyingi ndio mwonjaji anaotoa sifa chache zaidi.

Nirudi kwenye swali la mama. Ni kweli kwamba chai ya viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa, kuzunguka Mlima Kenya na Aberdare, kwa kawaida hupata bei ya juu mnadani kuliko ya magharibi. Sehemu ni majaliwa: mwinuko, udongo, baridi. Hilo hakuna wa kulaumiwa. Lakini sehemu ni mikono. Upande wa magharibi ndiko mashamba makubwa ya makampuni yalikoingiza mashine za kuchuma, hata Mei 2023 watu wakaziteketeza baadhi huko Kericho kwa hasira ya kupoteza vibarua. Mashine haichagui; inafyeka kilicho mbele yake. Sisemi kila chai ya mashine ni mbovu, maana ikipitishwa mara kwa mara na shamba likasawazishwa, yaweza kufaa. Nasema tu kwamba ulimi wa Mombasa unaijua tofauti.

Kisha siasa ikaongeza yake. Julai 2021 chai za wakulima wadogo chini ya KTDA ziliwekewa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, kumlinda mkulima. Lakini jiweke mahali pa mnunuzi wa Karachi. Umeonja chai mbili, moja inang'aa na nyingine imepoa, na zote huruhusiwi kuzipata chini ya bei ile ile. Utanunua ipi? Ile iliyopoa ikarudi maghalani, ikakaa, na chai haizeeki vizuri. Viwanda vya magharibi viliumia zaidi. Sharti hilo baadaye liliondolewa, lakini aliyekosa bonasi mwaka ule hajarudishiwa.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, na sijalisikia likipigiwa kelele za kutosha. Mama yule hulipwa kwa kilo. Pale kituoni karani hukagua, na majani yaliyozidi ubovu hukataliwa, ndiyo. Lakini yakishapita, aliyechuma majani mawili na chipukizi kwa uangalifu analipwa shilingi sawa na jirani yake aliyejaza kikapu majani makuu. Tena huyu wa pili kikapu chake ni kizito zaidi. Yote yanachanganywa kwenye lori moja, yanakuwa chai moja, na inapofika Mombasa mwonjaji anahukumu mchanganyiko. Bonasi ya Oktoba inapokuja inahesabiwa kwa kiwanda kizima. Mwadilifu na mzembe wanaingia katika hukumu moja, na mwadilifu haelezwi kosa lilikuwa nini.

Nami naona hukumu yenyewe si ya dhuluma. Mwonjaji hamjui mama wa Konoin wala yule wa Murang'a. Anaijua chai iliyo mbele yake tu, na maelezo yake hufika kwa madalali, kwa wanunuzi, na kiwandani. Hapo yanakwama. Ingekuwa rahisi kiasi gani kuyabandika pale kituoni, kwa Kiswahili au Kikipsigis: chai ya mwezi uliopita ilikuwa na moshi, ya wiki ile ilikuwa na majani makuu? Moshi ni wa kiwanda, na mkulima akilijua hilo ana la kumuuliza mkurugenzi wake kwenye mkutano mkuu. Majani makuu ni yake na jirani zake, wayamalize wenyewe. Viwanda hivi ni mali ya wakulima hawa hawa kwa hisa. Si haki mwenye mali asijue mali yake imesemwa nini sokoni.

Ukitaka kujaribu nyumbani, si kazi. Nunua pakiti mbili tofauti. Kijiko kimoja cha chai cha kila moja, ukisawazisha, kikombe kidogo cha maji yanayochemka, funika, dakika sita. Chuja. Usitie sukari, na kwa hisani yako usitie iliki. Iliki imesitiri aibu za chai nyingi katika mji huu. Tazama majani yaliyolowa, nusa, halafu vuta kwa kishindo watoto wakiwa hawapo.

Mimi nilijaribu hivyo. Pakiti moja ilikuwa ya dukani hapa mtaani, nyingine alinipa mama yule, ya kiwanda chao. Ya kwao ilikuwa na rangi nzuri na uzito wa kutosha, lakini mwishoni ilikuwa na kitu kikavu, kama kijiti. Nikampigia simu nikamwambia kama nilivyoonja, kwa woga kidogo. Akanyamaza, kisha akasema hicho ni vishina, kwamba tangu mvua zianze vijana wanaomchumia wanavunja mpaka chini ili kilo zipande. Akaniuliza kama naweza kumpigia tena mwezi ujao.