Anayesubu Ndiye Akereze

Nyumba ya beringi ya kinu cha kukamulia miwa ikipasuka katikati ya msimu, ofisi ya ununuzi hukimbilia bei. Kazi ya kusubu hupewa huyu, ya kukereza yule, kila mmoja kwa kuwa ni nafuu upande wake. Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi tu.

Chuma kilichomiminwa hakionyeshi kasoro zake kwa nje. Vitundu vya gesi na punje za mchanga hujificha chini ya ngozi yake mpaka kisu cha mashine kile milimita 2 au 3. Hapo saa za mkerezaji zimeshatumika. Msubuji hushikilia kwamba kipande kilitoka kwake kizima, mkerezaji hudai ujira wake, na mwenye kazi huwalipa wote wawili huku kinu kimesimama. Kazi yote ikiwa ya fundi mmoja, kitundu hicho ni chake.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hupatikana kabla tanuri halijawashwa. Chuma cha kijivu husinyaa kwa takriban asilimia 1 kinapopoa, feleji karibu asilimia 2. Umbo la mbao la kutengenezea kalibu, likiwa la milimita 505, litatoa kipande cha chuma cha kijivu cha milimita 500. Ukiamua kumimina feleji kwa umbo lilelile, utapata 495 hivi, na ile ziada iliyoachwa kwa ajili ya kukereza itakuwa imeliwa karibu yote. Mkerezaji aliye ua mmoja na mchonga umbo huliona jambo hili mapema. Vilevile humwambia mwenzake ni uso upi atakaoutumia kupimia, ili usiwekewe mdomo wa kumiminia.

Kuna pia kingo nyembamba. Zikipoa haraka, chuma cha kijivu hugeuka cheupe, kigumu mno, kikavunja visu. Dawa iko kwa msubuji: aongeze ferosilikoni kidogo dakika za mwisho, au kingo zinenepeshwe. Lakini mkerezaji wa mtaa wa pili atanyamaza, abadilishe kisu na kupandisha bei, na kundi lijalo litakuja na ugumu uleule.

Kwa bushi ndogo za shaba nisingejisumbua. Mkerezaji yeyote mwaminifu atazitoa kwenye shaba ya kununua. Kwa kipande kizito, nenda mwenyewe ukaone tanuri na mashine za kukereza, kwa sababu wapo wanaojitangaza kufanya yote kisha nusu ya kazi huipeleka kwingine kimyakimya, na lawama zinarudi kugawanyika. Mkataba useme kwamba kipande kitakachofichuka kasoro wakati wa kukereza kitasubiwa upya kwa gharama ya mtengenezaji. Useme pia kwamba umbo la mbao ni mali yako, na utalichukua siku utakayotaka kuhamia kwa mwingine.